Walipeni Wanafunzi Hawa
Waraka kwa wenye shughuli wa Kilosa na Mikumi

Waheshimiwa wenyeviti wa kamati za harusi, wenye hoteli, na maofisa mnaotualika kwenye hafla zenu,

Kazi zenu ndizo zinazoniweka mjini. Nimepiga video za shughuli zenu Kilosa, Mikumi, Kidodi na juu kabisa Vidunda, na kwa hilo nawashukuru kwa dhati. Leo nawaandikia kwa ajili ya vijana mnaowaona wamebeba stendi na begi la kamera nyuma yangu. Ni wanafunzi wanaojifunza kwangu siku za mapumziko na likizo, kwa ridhaa ya wazazi wao. Kila mara nikiwaombea posho, mnanijibu kwamba malipo yao ni uzoefu.

Kwenye ujenzi, saidia fundi hulipwa jioni ileile. Bado hajui kunyoosha ukuta, lakini sijamwona mwenye nyumba anayemwambia aende zake na uzoefu. Kijana anayesimama na maikrofoni tangu kanisani hadi ukumbini, kwa nini mnamhesabu kuwa yuko matembezini?

Najua mtasema bajeti. Nimekaa kwenye vikao vyenu. Mpambaji anapita, keki inapita, mshereheshaji na muziki vinapita, kisha ikifika zamu ya video mjumbe mmoja anasema kamera hainywi mafuta. Ni kweli hainywi. Lakini shughuli ya siku moja inanikalisha mezani siku kadhaa nikihariri, na kila faili lazima likae kwenye diski mbili, maana harusi hairudiwi. Katika harusi moja, hotuba ya baba wa bibi harusi iliharibika kwenye kamera zote mbili kwa sababu spika zilitugeukia sisi. Iliyoiokoa ni simu ambayo mwanafunzi mmoja aliiweka meza kuu ikirekodi, nyuma ya shada la maua, bila kuagizwa na mtu. Wazee walilia walipoisikiliza. Kamati ilimpa sahani ya pilau, na posho yake niliitoa mfukoni mwangu.

Mnalalamika pia kwamba nawaondoa vijana ukumbini saa mbili usiku, wakati maharusi ndio kwanza wanaingia. Walio chini ya miaka 18 nitaendelea kuwaondoa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, inakataza kumfanyisha mtoto kazi kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na inataka mtoto anayefanya kazi alipwe. Baadhi yenu nimewarekodi mkihutubia juu ya haki hizohizo kila tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Hotuba zenu zilikuwa nzuri, na ninazo bado.

Kwa wenye hoteli nina neno fupi. Hifadhi ya Mikumi ipo tangu 1964, na kupiga picha za biashara ndani yake kuna kibali na ada zake. Mmoja wenu aliniomba niwatume wanafunzi wakasimame kando ya barabara kuu inayokatiza hifadhini, wapige tembo kutoka hapo, ili asilipie kibali. Nilikataa, na narudia kukataa mbele ya wote. Malori yanapita pale usiku na mchana, na tembo hajui kwamba huyu ni mtoto wa mtu.

Lililoniuma kuliko yote linatoka Vidunda. Binti wa kidato cha tatu alipanda mlima kwenda kumrekodi bibi yake akieleza kwa Chividunda jinsi ukoo unavyohesabiwa kwa upande wa mama. Upepo wa kule juu unaharibu sauti, na kifuniko cha maikrofoni hatukuwa nacho. Akakata kipande cha sponji kutoka kwenye godoro lililochakaa, akakitoboa katikati, akakivisha maikrofoni na kukifunga kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Sauti ya bibi ilitoka safi, hadi pumzi yake unaisikia anapotafuta jina la mama wa bibi yake. Wenzake wengi darasani hawaisemi lugha ile. Mimi nahesabu rekodi hiyo kuwa kazi bora kuliko harusi zangu zote.

Ofisi moja iliiomba kwa ajili ya maonyesho, ikairusha ikiwa na nembo yake kwenye kona, bila jina la binti wala la bibi. Nilipouliza, nikaambiwa huyo ni mwanafunzi tu, ashukuru kazi yake imeonekana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haiulizi mtunzi yuko kidato gani. Inampa haki ya kutajwa.

Tena, tangu reli ya SGR ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, ikipita hapa Kilosa, wapiga video wa Dar es Salaam wamekuwa jirani zetu. Mnawalipa bei yao, mnawalaza, mnawalisha, na hamuwaombi punguzo. Sina kinyongo nao, ni wenzangu. Ila nao walifundishwa na mtu, na kuna mtu aliyekubali kulipia kazi zao za mwanzo. Vijana wetu wakikosa mtu wa namna hiyo hapa, watapanda treni hiyohiyo kumtafuta.

Kwa hiyo mkataba wangu umeongezwa vipengele viwili. Msaidizi analipwa siku ya kazi, mkononi mwake au mwa mzazi wake. Jina lake linatokea mwisho wa video, na popote mtakapoirusha. Atakayevikata vipengele hivyo nitamrudishia advansi yake siku hiyohiyo, na nitampa namba ya mpiga video mwingine.

Wenu mtiifu,
Mpiga video, Mikumi