Kuhama Nyumba Bila Kuhama Ndoa: Mwongozo kwa Mume na Mke wa Lubumbashi

Mnataka kupumzishana kidogo. Mwenzako abaki Katuba, wewe uende kwa dada yako Kampemba, muone kama hasira zitashuka. Sawa. Ila kabla hujafunga godoro kwenye pikipiki, kumbuka kwamba afisa wa komini aliyewafungisha ndoa hakuwapa likizo. Ndoa yenu itakatwa na kifo au na hakimu, si na pikipiki. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawataka waliooana waishi pamoja, wawe waaminifu na wasaidiane. Mapatano ya sebuleni hayafuti hata moja kati ya hayo.

Kwanza, usitoroke. Kuna mashujaa wanaobeba masanduku saa kumi alfajiri ili majirani wasione. Hawajui kwamba jirani asiyeona leo hatakuwa shahidi kesho. Mbele ya Mahakama ya Amani, aliyebaki atasimulia namna ulivyoitupa nyumba, na wewe utakuwa huna hata karatasi. Ondoka mchana. Waite wazee wa pande zote mbili, waliotoa mahari na walioipokea, muandike nani anatoka, kwa sababu gani, mpaka lini, watoto watalala wapi, nani atalipa minerval ya shule. Kila mmoja atie sahihi. Karatasi hiyo ina uzito, kwa sababu kifungu cha 551 cha sheria ya 1987 kilichukulia kwamba mmoja akijitenga peke yake kwa miaka 3, ndoa imeharibika kabisa. Mkikubaliana, hakuna wa kusema umekimbia.

Kama unapigwa, ruka hatua hiyo yote. Toka sasa hivi pamoja na watoto, pitia hospitali upate cheti cha daktari, kisha polisi waandike malalamiko yako. Hakuna mzee wa ukoo mwenye haki ya kukurudisha kwenye kipigo kwa sababu alikula mahari.

Pili, usijifanye kapera. Uzinzi bado ni kosa la jinai Kongo, na chumba cha kupanga hakina kinga yoyote.

Tatu, bukari haijui kwamba mmetengana. Endelea kutuma pesa ya unga na ya shule, na uhifadhi kila ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money, maana hakimu anaweza kukudai matunzo. Kuhusu parseli: kama hamkuchagua mpango mwingine wa mali siku ya ndoa, mlichochuma baada ya kuoana ni chenu wote wawili. Kutoka hakukupotezei sehemu yako, na kubaki hakukupi ruhusa ya kuuza. Chukua nakala za hati ya parseli, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Friji iache, watoto wanahitaji maji baridi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni ugonjwa. Mwenzako akifariki mkiwa mmetengana, wewe ni mjane kamili, na sheria inampa mjane haki ya kuendelea kuitumia nyumba mliyoishi. Lakini kifungu cha 765 kinaweza kumwondoa kwenye urithi mtu aliyekuwa na wajibu wa kumuuguza marehemu katika ugonjwa wake wa mwisho, akampuuza kwa makusudi. Ndugu wa marehemu wataikumbuka sheria hiyo upesi kuliko wimbo wa taifa. Basi ukisikia amelazwa hospitali ya Sendwe, nenda. Beba uji, kaa kitandani pake, uonekane na wauguzi na mashemeji. Ugomvi utaendelea akipona.

Muda mliouandika ukiisha, rudi nyumbani au peleka shauri Mahakama ya Amani, ambako hakimu atawaita kwanza ajaribu kuwapatanisha. Usiuache mwaka ujipitie wenyewe. Na wewe uliyekwisha kuhama bila karatasi, waite wazee Jumapili hii muiandike.