Toba ya Betri

Kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, kama mita 170 juu ya usawa wa bahari, njia ya mahujaji waendao Santiago inapanda milima ya Wabaski hadi mita 1,430 hivi, kwenye kipito cha Lepoeder. Hujaji wa zamani aliukwea mlima huo kwa miguu, dhambi zake mgongoni. Wa leo anabonyeza kitufe kwenye usukani wa baiskeli ya umeme. Betri inatubu kwa niaba yake.

Ng'ambo ya pili, Roncesvalles, Wabaski walikivizia kikosi cha nyuma cha mfalme Charlemagne mwaka 778. Mwendesha baiskeli anaviziwa na matope tu.

Cheti cha hija cha Santiago kina masharti: mtembea kwa miguu angalau kilomita 100, wa baiskeli 200. Kumbe Kanisa nalo linajua hesabu. Na mabweni mengi humpa kitanda kwanza aliyetembea. Bwana kaptula ya kubana asubiri mlangoni, soksi mkononi.