Sita kwa sita ya mchana

Ule ubao wa herufi wa madaktari wa macho ndio ulioniponza. Nikikaa kitini pale, taa zikiwaka vizuri, nasoma mpaka mstari wa chini. "Sita kwa sita, mzee wangu! Hongera!" ananiambia daktari aliyenipiga leza, anafunga faili. Lakini mimi ubaoni siishi. Naishi Tabata, narudi nyumbani usiku, na Barabara ya Mandela ni ya malori.

Usiku kila taa ya lori inaota miiba. Bodaboda inanijia na duara la mwanga kubwa kama sinia la pilau, na sijui nyuma ya duara kuna abiria mmoja au mshikaki. Daktari alinieleza kwa upole: leza huchonga sehemu ya katikati ya konea, kile kioo cha mbele cha jicho, na gizani mboni hutanuka. Ikivuka palipochongwa, mwanga wa pembeni unatawanyika. Maelezo safi kabisa. Ningeyapenda zaidi kabla sijalipa.

Halafu ukavu. Konea ikifunuliwa ili ichongwe, vijishipa vya fahamu hukatwa, basi jicho halitambui kwamba limekauka, na machozi yanapungua. Asubuhi naona kunguru aliye kwenye nguzo ya mbali. Ikifika saa tisa alasiri, chini ya feni ya ofisini, tarakimu kwenye kompyuta zinaanza kuogelea. Nikipepesa zinatulia, nikikazia macho zinaogelea tena. Dada wa uhasibu anadhani namkonyeza. Daktari anasema nivute subira, macho huweza kuchukua miezi 3 hadi 6 kutulia. Matone ya machozi bandia hayana subira hiyo: chupa ikishafunguliwa, baada ya mwezi naitupa na nyingine nanunua. Shemeji yangu akinikuta nayaweka, lazima aulize tumefiwa na nani.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Zamani, nikitaka kusoma risiti, navua miwani tu, nasoma. Sasa nimevuka 45, na leza haigusi lenzi ya ndani, ile inayokakamaa kwa umri. Kwa hiyo nimelipa mamilioni kuvua miwani ya mbali, nikaenda kwa mmachinga Kariakoo kununua ya karibu, plasi moja na nusu. Mtaani bado wananipongeza kwa kuachana na miwani.

Wewe unayejiandaa kupigwa leza, mwambie daktari kwamba unaendesha gari usiku, tena mwombe akupime mboni gizani na machozi pia. Mwambie kabla hujatoa hela.