Pande Mbili za Doti

Usingizi wa binti yangu ulikuwa kwenye ndewe ya sikio langu la kushoto. Aliishika kwa dole gumba na cha shahada, akaifikicha polepole, mpaka mkono ukalegea. Nikiondoa kichwa kabla haujalegea vizuri, anaamka na tunaanza upya. Tuliishi hivyo mwaka mzima hapa Kibiti. Mchana hakuwa na taabu. Siku 84 za likizo ya uzazi zilipokwisha nilirudi kufundisha darasa la kwanza, nikamwacha na wifi yangu, nikawa natumia zile saa mbili ambazo sheria inampa mama anayenyonyesha kukimbia nyumbani na kurudi. Alinizoea nikienda na nikirudi. Usiku ndipo alipodai sikio.

Kisha nikaambiwa kwamba Januari nitakwenda mafunzo ya wiki moja, mbali. Wifi alikuwa mjamzito wa siku za mwisho. Aliyebaki ni mama mkwe, na mama mkwe anaishi kisiwani, ndani ya delta, kwenye vile vijiji vinavyofikiwa kwa boti kutoka Nyamisati. Yeye asingeweza kuja Kibiti, kwa sababu Januari ni wakati wa kupanda mpunga, na ukiacha shamba ndege wanakusaidia kulivuna kabla halijaota. Basi tukapatana nimpeleke mtoto likizo ya Desemba, tukae wiki mbili amzoee bibi yake. Na kabla ya hapo nimtafutie kitu cha kushika badala ya sikio, maana sikio langu lisingebaki kule.

Sikuwahi kumwekea kitu kitandani kabla ya hapo. Muuguzi wa kliniki alinionya tangu alipozaliwa: mpaka atimize mwaka alale peke yake mahali pagumu palipo tambarare, bila mto, bila mdoli, bila nguo ya kujikunjakunja inayoweza kumziba pua. Ni chandarua tu, nacho kichomekwe vizuri chini ya godoro. Nililishika neno hilo na bado nalishika kwa kila mama anayeniuliza. Sasa alikuwa na miezi 13, anatembea, anajifunua mwenyewe.

Nikaanza na mdoli. Kwenye mtumba nilipata sungura wa manyoya, laini, nikamchemsha na kumwanika siku mbili. Kabla sijampa mtoto nilimvuta jicho kwa kucha, likatoka. Lilikuwa kifungo cha plastiki, upana wake kama punje ya hindi. Nilikaa nalo kiganjani muda mrefu, nikiwaza koo la mtoto. Nikang'oa na la pili, nikamshonea macho ya uzi. Mtoto akampokea, akamtazama, akamweka chini, akanipandia mapajani kutafuta sikio. Usiku wa pili hivyo hivyo, wa tatu pia.

Alichokitaka kilikuwa mgongoni kwangu siku zote. Nilipokuwa na mimba nilinunua doti moja ya khanga, zambarau, pindo jeusi, na korosho kubwa kila pembe. Nikaikata. Upande mmoja nikauweka sandukuni bila kuupinda. Wa pili nikampa fundi aupinde, ukawa mbeleko. Fundi alipofika pembe ya mwisho uzi ulimkatikia, akarudia mara mbili tatu, pakabaki kinundu kigumu kidogo pale pembeni, karibu na korosho. Jioni moja nilimfungua mgongoni akiwa amesinzia, nikamlaza, na mbeleko ikabaki mkononi mwake. Nilipomulika niliona vidole viwili vimekishika kile kinundu na vinakifikicha. Sikio langu lilikuwa huru, nami nikalia kidogo, sijui kwa nini.

Tulikwenda Nyamisati na mbeleko hiyo, tukapanda boti maji yakiwa yanajaa. Mikoko ikasimama huku na huku, mtoto akalala juu ya mapaja yangu, korosho shavuni. Mama mkwe alitupokea ufukweni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Nipe mke mwenzangu nimwone."

Asubuhi ya pili nilikwenda kisimani. Niliporudi niliiona khanga juu ya kamba, inachuruzika. Mama mkwe alikuwa ameifua kwa maji ya mvua aliyoyakinga kwenye pipa, maji anayoyatunza kwa kupikia, na kwa sabuni ya mche, akaisuuza mara tatu. "Ilikuwa na harufu ya maziwa," akasema. "Sisimizi wangemla mtoto usiku." Alikuwa amefanya wema mkubwa kwa maji machache. Nilimshukuru, na shukrani yangu ilikuwa ya kweli, ingawa moyo ulishaanza kudunda.

Usiku mtoto alikishika kile kinundu, akakipeleka puani, akakitupa. Alilia mpaka sauti ikakauka. Sikio langu lenyewe alilisukuma, kana kwamba nalo nimelifua.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba daktari mmoja wa watoto huko London, Donald Winnicott, alichapisha makala mwaka 1953 juu ya vitu hivi vya watoto, kitambaa, blanketi, mdoli. Anasema mama huacha kitu hicho kichafuke, hata kinuke, kwa kuwa akikifua anakata mfululizo wa kile mtoto anachokijua, na kinaweza kupoteza thamani yake yote. Anasema pia kwamba mtoto ndiye anayekichagua. Nilipofika hapo nilimkumbuka sungura.

Nikampigia mume wangu simu Kibiti. Akafungua sanduku, akautoa ule upande uliobaki, akampa kijana wa bodaboda aufikishe Nyamisati, na nahodha akauleta na maji ya jioni. Rangi ni ile ile, korosho zile zile. Ila ulinuka nafthalini, nao haukupindwa. Binti yangu akazunguka pembe zote nne moja baada ya nyingine, anatafuta kinundu, hakukiona. Ule usiku wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza.

Kulipokucha mama mkwe hakusema mengi. Alishaelewa. Akauchukua ule uliofuliwa, akajifunga kiunoni. "Wewe vaa huo mpya. Usiuvue hata ukilala." Akaenda zake jikoni. Siku mbili alishinda nao: akikuna nazi, akibanika samaki juu ya uchaga kwa moto wa makumbi, akimbeba mjukuu wake mgongoni kwenda shamba na kurudi. Mimi nilivaa wangu, nikanyonyesha nao, nikalala nao, na usiku kwenye mwanga wa taa ya sola nikapinda pembe moja kwa mkono, nikirudia uzi mpaka pakawa pagumu. Nilijiaminisha kwamba atauchagua wangu. Ulikuwa na maziwa yangu na jasho langu, na kinundu nimekitengeneza mwenyewe.

Usiku wa nne tuliziweka pande zote mbili mkekani, tukakaa kimya. Mtoto akaja akiyumba. Akaugusa wangu, akaunusa, akauachia. Akauvuta ule wa bibi uliokuwa umeshika moshi wa samaki na mafuta ya nazi, akakitafuta kinundu cha fundi, akakipata. Mama mkwe akamnyanyua na kumlaza chini ya chandarua, na mimi nikabaki mkekani na upande wangu. Niliumia, lazima niseme. Lakini ndiyo nafuu niliyoifuata kule, kwamba Januari mtoto huyu atalala bila sikio langu.

Siku ya kuondoka tulisubiri maji ufukweni. Mtoto mgongoni kwangu, amefungwa kwa khanga yenye moshi, ameshika pembe yake. Nikaanza kuikunja ile ya pili niitie mfukoni. Mama mkwe akanyoosha mkono.

"Hiyo niachie mpaka mrudi."

"Ngoja basi niifue, mama. Imejaa maziwa, mtoto ameitapikia jana."

"Usiifue," akasema. Akaipokea, akaipeleka puani, akaitia kwenye mkoba wake wa ukili.