Saruji, Mjukuu wa Bati

Vya kusifiwa Sumbawanga ni vingi: mahindi ya Ufipa, baridi ya Juni, barabara ya lami ya kwenda Tunduma. Leo zamu ni ya kiumbe ambaye hajawahi kutungiwa hata ubeti mmoja, yaani mfumo mkuukuu wa mauzo wa duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Kizwite. Umeandikwa kwa Visual FoxPro, lugha ambayo toleo lake la mwisho lilitoka 2004, na Microsoft wakaacha kuihudumia 2015. Yatima huyu hakutikisika. Anauza mabati hadi leo.

Sifa yake ya kwanza ni nasaba. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipounda lugha ya Simula mjini Oslo, miaka ya 1960, walitaka programu ifanane na ulimwengu: kila kitu kiwe obijekti yenye taarifa zake na vitendo vyake, obijekti za aina moja ziwe na klasi yao, na klasi iweze kurithi kutoka kwa klasi nyingine ili mtu asiandike jambo lile lile mara mbili. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Turing ya 2001. Mtaalamu aliyetuandikia mfumo wetu aliwaamini kuliko walivyojiamini wenyewe.

Alianza na klasi ya Bati, yenye bei, geji na rangi. Misumari ilipofika dukani akaona nayo ina bei, basi Msumari akawa mtoto wa Bati. Ikaja saruji. Saruji hupimwa kwa kilo, misumari vilevile; Saruji ikazaliwa na Msumari. Ndiyo maana karani akiuza mfuko wa saruji kompyuta humuuliza ni wa geji ngapi, naye, kwa kuwa amelelewa vizuri, hujibu 30. Wenye haraka huita huu upuuzi. Nionyesheni basi duka jingine ambalo saruji yake ina babu! Na ukoo huu unajaliana kwelikweli: siku Bati alipoongezewa kipimo cha urefu, saruji iligoma kuuzika mpaka nayo itajiwe urefu wake.

Mwaka 1994 Gamma, Helm, Johnson na Vlissides walichapisha kitabu cha Design Patterns, wakashauri obijekti zishirikiane badala ya kurithishana ovyo. Ushauri mzuri, kwa watu wasio na ukoo.

Mbele ya sheria mfumo wetu ni mtiifu kwa namna yake. VAT ilianza 1998 ikiwa asilimia 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009. Mtu wa kawaida angefuta 20 akaandika 18. Wetu alizaa klasi mpya, KodiNafuu, iliyorithi kila kitu kwa mzazi wake kisha ikamkaidi kwenye hiyo asilimia tu. Ishirini bado imo, mzima wa afya, na hakuna anayethubutu kuifuta, maana hakuna anayejua nani mwingine amerithi kwake.

Lakini fahari yenyewe ni jiografia. Mkoa wa Rukwa uliundwa 1974 ukiwa na Mpanda ndani yake. Katavi ukamegwa 2012. Songwe nao ukatoka Mbeya 2016, ukaichukua Tunduma. Serikali ilitangaza, ila mfumo haukupelekewa nakala. Kwake Mpanda bado ni Rukwa na Tunduma bado ni Mbeya. Kurekebisha ni rahisi kwa maneno: mikoa imefichwa ndani ya klasi yake, na ina mlango mmoja wa kuingilia, kama wasanifu wanavyoagiza. Bahati mbaya mlango huo unapitia kwa Bati, kwa kuwa nauli ya kusafirisha mabati hukokotolewa humo. Na Bati ukimgusa, unajua saruji itafanya nini.

Akaja kijana mwenye mfumo mpya wa intaneti, safi, kila bidhaa na klasi yake. Kweli ulipendeza. Wiki ya kwanza mafundi wa kupaua wakaja juu: anayenunua mabati mengi hapa huongezewa misumari bure, tangu zamani, na risiti mpya hazikuionyesha nyongeza hiyo. Kijana akauliza kanuni ya nyongeza imeandikwa wapi. Daftari hakuna. Tajiri hakumbuki. Kanuni ilikuwa ndani ya ule undugu wa aibu, Msumari mtoto wa Bati, ambao kijana alikuwa ameuvunja kwa nia njema. Yatima akarudishwa mezani siku hiyohiyo.

Kwa hiyo wewe unayetoka Tunduma, risiti ya Kizwite ikikurudisha Mbeya, usibishane na karani. Lipa, hesabu misumari yako ya nyongeza, panda gari. Na ukiulizwa geji ya saruji, sema 30.