Mfalme wa Inchi Saba

Farasi wametungiwa sifa, majahazi yametungiwa, hata wanasiasa wasiostahili wametungiwa. Kompyuta ndogo ya bei nafuu haina hata ubeti mmoja. Dhuluma hii imedumu tangu mwaka 2007, kampuni ya Asus ya Taiwan ilipoleta sokoni Eee PC 701, na deni hilo halina budi kulipwa.

Tuanze na jina. Zile E tatu, kwa maelezo ya kampuni yenyewe, zilimaanisha rahisi kujifunza, rahisi kufanyia kazi na rahisi kuchezea. Rahisi ya nne, ya bei, ilitangazwa kwa mbwembwe mwezi Juni kwenye maonyesho ya Computex mjini Taipei: dola 199. Mashine ilipofika madukani Marekani kabla mwaka haujaisha, ile ya gigabaiti 4 iliuzwa dola 399. Waswahili husema rahisi ghali, na hapa hawakusubiri muda mrefu kupata ushahidi. Lakini haki itendeke: zama zile laptopu nyingine nyepesi kiasi hicho ziliuzwa zaidi ya dola 1,000.

Sasa tazama kioo. Kifuniko chake kina nafasi, ila nafasi hiyo imekaliwa na spika mbili, moja kushoto na moja kulia, kama walinzi wanene kwenye mlango mwembamba. Katikati yao zimebaki inchi 7, zenye nukta 800 kwa 480. Tovuti nyingi za wakati huo zilikatwa kwa upana wa nukta 1024, hivyo msomaji aliona kichwa cha habari bila mkia, akavuta ukurasa, akaona mkia bila kichwa. Nani tena angempa mtu nafasi ya kutafakari katikati ya sentensi? Na programu ilipouliza swali, mara nyingi vitufe vya kukubali na kukataa vilikuwa vimezama chini ya ukingo wa kioo. Mtumiaji alijifunza kukubali asichokiona.

Kibodi nayo ilikuwa na hekima zake. Kitufe cha Shift cha kulia kilisukumwa hadi ng'ambo ya mshale wa kupanda. Aliyetaka herufi kubwa alijikuta amerukia mstari wa juu, akipachika jina la mkwewe ndani ya sentensi aliyokwisha kuimaliza.

Kasi ndiyo fahari kuu. Prosesa yake, Celeron M ya Intel, ilikuwa ya megahezi 900, lakini kiwandani iliwekwa iende kwa 630. Ni sawa na kununua punda wa magunia tisa, kisha ukakabidhiwa na masharti kwamba asibebeshwe zaidi ya sita.

Katika zile gigabaiti 4 za kuhifadhia, mfumo wa Linux na programu zake ulichukua zaidi ya nusu. Mwenye nyumba alipofukuza programu iliyokuja na mashine, nafasi haikurudi: sehemu ya mfumo ilifungwa isiandikwe, na kufuta kulikuwa kuvuta pazia tu. Mgeni ameaga, kumbe yuko chumba cha uani. Faida yake ilionekana siku ya mkosi. Mtu aliyeharibu kila kitu alibonyeza F9 wakati wa kuwasha, na mashine ikarudi kama ilivyozaliwa, ingawa kazi zake alizoziweka humo zilikwenda na maji.

Yapo pia mema yasiyohitaji kejeli. Ina uzito wa gramu 920; mfuko wa kilo moja ya sukari unaizidi. Haina diski inayozunguka, hivyo mtikisiko wa safarini hauna cha kukwaruza ndani. Huwaka chini ya dakika moja, na ina milango mitatu ya USB, mingi kuliko laptopu kadhaa za kifahari za leo.

Udogo huo ulitikisa wakubwa. Mwaka 2008 Microsoft, iliyokuwa ikijiandaa kuizika Windows XP, iliiongezea maisha ili iwekwe kwenye vikompyuta vya aina hii. Mwaka uliofuata ikavipa Windows 7 Starter, ambayo haikumruhusu mwenye mashine hata kubadilisha picha ya nyuma ya kioo. Maskini alipewa nyumba, akakatazwa kupaka rangi. Kisha ikaja iPad mwaka 2010, na miaka michache baadaye Asus ikaachana na ukoo wa Eee.

Damu yake haijakauka. Mwaka 2014 HP ilitoa Stream 11 kwa dola 199, ikiwa na gigabaiti 32 za kuhifadhia. Mwaka 2019 Windows 10 yenyewe ikatangaza kuwa gigabaiti 32 ndiyo nafasi ya chini inayohitaji. Wenye mashine hizo walipata shughuli ya kudumu, ya kufuta vitu ili sasisho lipite.

Kwa hiyo anayekwenda kununua laptopu ndogo leo amuulize muuzaji maswali mawili kabla hajatoa pesa: nafasi ya kuhifadhia ni gigabaiti ngapi, na je, inaweza kubadilishwa au imelehemiwa kwenye bodi? Ikiwa ni 32 na imelehemiwa, inafaa kwa barua, hesabu za duka na kazi za shule. Picha za harusi zitafutiwe pengine.