Kufuli la Mapambo

Hongera, shemeji, kwa baiskeli mpya ya Phoenix. Tairi bado zina vinywele, fremu umeiacha na nailoni yake isichubuke, na kengele inasikika hadi mtaa wa pili. Kufuli je? Umenunua kile kiwaya kilichovishwa plastiki, cha bei ya soda mbili, kinachokatwa kwa koleo kabla hujamaliza kuagiza chai. Tena umekipitisha kwenye gurudumu la mbele tu, lile linalong'oka kwa spana moja. Mwizi muungwana atakuachia gurudumu na kufuli lake, salama salimini. Fremu na gurudumu la nyuma vingefungwa pamoja kwenye nguzo ya chuma, kwa mnyororo mnene. Ila mnyororo ghali, bwana, na nguzo iko mbali na kijiwe. Basi umeifunga kwenye mpapai.